Mwalimu asiye na uso: uzoefu wangu wa Khan Academy na vijana wawili wanaosomea nyumbani

Nianze na hukumu, kwa wenye haraka. Kwa hesabu na sayansi za sekondari, Khan Academy, tovuti ya masomo ya video na mazoezi, ni nzuri, ni bure, na imepunguza magomvi nyumbani kwangu kuliko kitu chochote tulichowahi kuingiza humu, ukiondoa choo cha pili. Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia mpaka atakapopatikana mtu wa kutengeneza programu ya kumtoa mvulana wa miaka 14 ndani ya chandarua saa mbili asubuhi.

Tunakaa Mtwapa, kaskazini ya Mombasa. Nina binti wa miaka 16 na mdogo wake wa kiume, na wote wawili wanasomea nyumbani. Meza ya chakula ndiyo darasa, ndiyo maktaba, na ikifika saa saba ndiyo meza ya chakula tena. Binti anajiandaa kwa IGCSE, mtihani wa kimataifa wa sekondari wa Cambridge, kama mtahiniwa binafsi. Mdogo wake, ukimwuliza, anajiandaa kujiandaa. Kwa nini tuliwatoa shule ni hadithi ndefu, na jirani zangu wanaijua vizuri kuniliko.

Watu wakisikia unasomesha nyumbani wanakuona umekaa kwenye mkeka, watoto wamekuzunguka, wote mnatabasamu. Hilo labda kwa watoto wa miaka saba. Kijana hafundishwi na mamake. Ukimwambia jibu lake si sahihi, habari ya hesabu haimfikii hata kidogo. Kinachomfikia ni kwamba anaonewa.

"Mama, kwani lazima uniangalie hivyo?"

"Sijakuangalia."

"Lakini ulikuwa unataka kuniangalia."

Basi somo la sehemu na desimali limekwisha hapo, na limeanza lingine la haki za binadamu. Kabla ya Khan Academy hii ndiyo ilikuwa ratiba yetu ya kila siku, na mwalimu mkuu akilala na kichwa kinamuuma.

Kwa asiyeijua, Khan Academy ni shirika lisilo la faida la Marekani lililoanzishwa na Salman Khan mwaka 2008. Huyu bwana alikuwa mchambuzi katika kampuni ya uwekezaji Boston. Mwaka 2004 akaanza kumsaidia binamu yake Nadia hesabu, binamu akiwa New Orleans na yeye huko aliko, kwa simu na intaneti. Binamu wengine wakajiunga, na mwaka 2006 akaanza kuziweka video zake kwenye YouTube. Mwenyewe alisimulia kwenye jukwaa la mihadhara la TED mwaka 2011 kwamba binamu zake walimwambia wanampenda zaidi kwenye video kuliko akiwa nao mwenyewe. Mimi nilipolisikia hilo nilipumua. Kumbe hata yeye! Na tazameni alivyokuwa na bahati: alianza na binamu, tena wa mji wa mbali. Angeanza na mwanawe wa kumzaa, mezani, saa nne asubuhi, mtoto hajapiga mswaki na anauliza kama kuna mahamri yaliyobaki, sidhani leo dunia ingekuwa na video hata moja.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kila mada ina video fupi, baada yake maswali. Ukipata asilimia 70 unapewa ngazi ya "umezoea", ukiyapata yote unapanda "umeweza" (majina haya ni yangu, yao ni ya Kiingereza). Ngazi ya juu kabisa, ya "umebobea", huipati kwenye zoezi la kawaida. Lazima uipiganie kwenye jaribio la sura au la somo zima. Ukiomba kidokezo unapewa, lakini swali hilo linahesabiwa umelikosa. Na ukiteleza jaribioni, unashushwa.

Binti yangu alishushwa kwenye milinganyo ya kipeo cha pili. Nilikuwa jikoni nageuza chapati. Nikasikia kimya, halafu kiti kikasukumwa, halafu sauti: "Haiwezekani!" Akaja mlangoni na kompyuta mkononi kama aliyebeba maiti. Alikuwa ameandika jibu moja, na mlinganyo una majibu mawili. Lile la hasi alilisahau. Zamani ningeambiwa mimi ndiye niliyemfundisha vibaya, au nilipumua karibu naye. Safari hii alisimama akatafuta wa kulaumu, akaniangalia, akaona mimi nina mwiko tu. "Imenichukia," akasema, akarudi mezani. Baadaye akampigia shangazi yake kumweleza alivyodhulumiwa. Lakini jioni alikuwa amekwisha kuirudia sura nzima na cheo chake amekirudisha, na mimi katika ugomvi wote ule sikutajwa hata mara moja. Raha niliyoisikia siku ile siwezi kuieleza. Nilikula chapati mbili nimesimama.

Hilo ndilo ninalolilipia, ingawa silipi. Hukumu haitoki kwa mama. Mashine haina sura ya kukunja wala historia ya kukumbushia mambo ya mwaka jana, na kijana hapati pa kushika.

Mvulana lakini ni kesi nyingine.

Khan Academy wanatoa pointi kwa kila kazi, na pointi zinafungua vikatuni vya kuweka kwenye akaunti yako. Mimi na yeye tuliandikiana mkataba: akifikisha pointi kadhaa kwa wiki, Ijumaa namnunulia bando la simu. Wiki ile pointi zilipanda mpaka nikampigia babake kazini kumwambia mtoto amebadilika. Nilipofungua ripoti nikakuta ametoka kwenye aljebra yake akashuka mpaka kwenye kujumlisha kwa watoto wadogo. Nane jumlisha tano. Kumi na mbili toa tatu. Kurasa kwa kurasa, asilimia mia kila mahali.

"Mkataba unasema pointi," akaniambia kwa utulivu mkubwa. "Haukusema za darasa gani."

Babake alipoambiwa akacheka mpaka akakohoa, akasema huyu hesabu amwachie dadake, yeye asome sheria. Bando nikalitoa, maana mkataba ni mkataba. Mkataba wa wiki iliyofuata ulikuwa na vifungu vingi zaidi, na amenisaidia mwenyewe kuviandika.

Hiyo ripoti ndiyo sehemu wazazi wasiyoitumia vya kutosha. Unajiandikisha kama mwalimu, unafungua darasa, unampa kijana namba ya kujiunga, na tangu hapo unaona zoezi gani amefanya, saa ngapi, kwa dakika ngapi na amepata nini. Sipigi kelele tena. Naketi kwenye kochi nasoma. Juzi bwana mdogo aliapa kwamba amesoma tangu asubuhi. Ripoti ilisema zoezi la kwanza ameligusa saa tisa na dakika 41 alasiri, na mpira wao uwanjani huanza saa kumi na nusu. Nikamwonyesha. Akatazama kwa makini, akasema: "Hiyo ni ya kuandika. Asubuhi nilikuwa nasoma kwa kichwa."

Sasa niwape kisa cha mavyaa wangu, kwa sababu wengi mna wazee nyumbani na ni vizuri wajulishwe mapema.

Mavyaa alikuja kutoka Malindi kukaa nasi wiki chache. Habari ya kusomea nyumbani anaijua na haimpendezi, lakini ni mtu wa staha, ameinyamazia. Usiku wa pili, saa nne, mimi nimekwisha kulala, nikashtushwa na bakora inagonga mlango wa chumba cha binti yangu. "Fungua! Fungua nasema! Mtoke nyote wawili!" Nikakurupuka na kanga moja. Mavyaa amesimama ukumbini anatetemeka. "Mkazamwanangu, umo ndani ya nyumba hii au humo? Kuna mwanamume chumbani kwa mjukuu wangu. Nimemsikia kwa masikio yangu haya. Anasema naye polepole, anambembeleza, hana hata haraka!"

Mlango ukafunguliwa. Binti yumo, na kompyuta, na sauti ya Salman Khan inaeleza pembe za duara bila wasiwasi wowote.

"Nyanya, ni mwalimu. Ananifundisha hesabu."

"Saa nne usiku?"

"Ni video, nyanya. Ameshaondoka zamani."

Mavyaa akaketi kitandani, bakora magotini, akasema basi iendelee, aone mwenyewe. Kwa asiyezijua video zile: ni ubao mweusi na kalamu za rangi zinazojiandika zenyewe, na sauti. Mwenyewe haonekani. Akatazama mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo sote tulikosa jibu lake: "Na uso anauficha kwa nini? Mtu mwema huficha uso?"

Walieleweshana hatimaye, na sharti likatolewa kwamba mwalimu huyo afundishe ukumbini, mlango wazi, kabla ya isha. Mpaka leo likizo ikifika, mavyaa akipiga simu, baada ya kuniuliza hali na watoto, huuliza: "Na yule asiye na uso, bado anakuja?" Nadhani ameanza kumpenda. Amesema ana subira.

Tukirudi kwenye mapitio. Mifano yao mingi ni ya kwao: dola na senti, inchi na futi, pizza kwa vipande, besiboli. Mimi sioni tabu, mtoto ajue dunia ni kubwa. Lakini hesabu za shilingi utazifundisha mwenyewe, na mahali pa kuzifundishia ni sokoni. Nilimpeleka mvulana kwa muuza samaki siku ya Jumanne asubuhi, na swali la kwanza likawa lile lile tunaloulizwa kila mahali, kuanzia kwa dereva wa tuktuk hadi kwa mshonaji: "Huyu leo haendi shule?"

"Ndiyo niko shule," mvulana akajibu. "Hili ni somo la asilimia."

Samaki aina ya changu, kilo shilingi 650, tukachukua kilo mbili na nusu. Mvulana akapiga kichwani: 1,625. Muuzaji akasema basi kwa sababu ya mama namtolea mia. Mvulana akafikiri kidogo. "Hiyo ni kama asilimia sita tu."

Muuza samaki akamtazama juu mpaka chini, kisu mkononi. "Na wewe hapa ni asilimia ngapi ya mteja? Pesa si za mamako?"

Soko zima likacheka. Kijana alinyamaza mpaka tukafika nyumbani, jambo ambalo Khan Academy haijawahi kulipata.

Kwa wenye watoto wa IGCSE: video na mazoezi yao hayakupangwa kufuata silabasi ya Cambridge, kwa hiyo lazima ukae na silabasi mkononi uchague mada moja moja. Tangu mitihani ya 2025, hesabu za Cambridge, ile yenye namba 0580, zina karatasi moja ya kufanywa bila kikokotoo. Nilipomweleza binti habari hiyo aliipokea vibaya kuliko msiba. Kikokotoo sasa kinakaa kwenye kabati la vyombo, nyuma ya sinia za sikukuu, na kila siku namkuta ana shughuli mpya kwenye kabati hilo. Hajawahi kupenda kufuta sinia kiasi hiki.

Suala la intaneti msilipuuze. Video zinakula bando, na stima ikipotea waifai inapotea nayo, na vijana wangu wana pua ya kunusa stima inayokaribia kupotea. Wanafunga vitabu dakika mbili kabla. Dawa yake ni Kolibri, programu ya bure ya shirika liitwalo Learning Equality, inayokuruhusu kuyapakua masomo ya Khan Academy kwenye kompyuta yako na kuyatumia bila intaneti. Tuliiweka, tukachagua hesabu na fizikia. Siku stima ilipokatika, betri imejaa, nikamwambia mvulana masomo yanaendelea. Aliniangalia kama nimeuza shamba la urithi.

Msiitegemee kwa kila kitu lakini. Historia yao ina Marekani nyingi, na Kiswahili cha sekondari, ushairi, fasihi yetu, insha, hayo huko sijayapata. Kwa hayo tumemtafuta mwalimu mstaafu wa jirani, mzee mkali kidogo, anayekuja kila Alhamisi na kalamu nyekundu na miwani miwili. Hasimamishwi katikati ya sentensi, harudishwi nyuma, na haongezwi kasi. Siku ya kwanza mvulana alisoma shairi, akakwama ubeti wa pili, akanyanyua kichwa akamwuliza kwa adabu zote: "Shikamoo mwalimu, kidokezo kinapatikana?" Mzee akamwambia kinapatikana, akampa beti nne za kuhifadhi kwa Alhamisi ijayo.