Seti ya hoki ya mtoto: stiki safi, vikinga ugoko vya hovyo

Naandika kwa wazazi ambao mtoto kashaanza kuwasumbua anataka hoki, naongelea hii ya uwanjani, mpira wa magongo, sio ile ya kwenye barafu. Binti yangu ana miaka sita na hii seti tumeitumia vya kutosha, msimu wote wa mazoezi pamoja na fujo zote za nyumbani, kwa hiyo naongea kitu nilichokiona. Ndani unakuta stiki ya inchi 28, vikinga ugoko, mpira mwepesi na begi. Kikinga meno hakimo, itabidi ununue mwenyewe, na chukua kile unachokilainisha kwenye maji ya moto mtoto anakiuma kinashika umbo la meno yake, vile vingine atakuwa anavitema kila dakika.

Stiki ndo habari yenyewe hapa. Ni mbao imefunikwa faiba kidogo, nyepesi kabisa, mtoto anaizungusha bila kuhangaika. Sheria zinaruhusu stiki ifike hadi gramu 737, sasa hebu fikiria mtoto wa miaka sita na uzito ule, ataishia kuiburuza. Na urefu jamani msichukulie poa. Simamisha stiki pembeni ya mguu wa mtoto, mwisho wa mpini uishie kwenye nyonga, basi. Pale mazoezini wapo watoto wamenunuliwa stiki ndefu eti watakua nazo, na mtoto kila akiinama mpini unamchoma tumboni, matokeo yake anacheza amesimama wima na mpira unapita chini yake yeye anauangalia tu. Wangu anainama vizuri, magoti yamekunjika, macho kwenye mpira, ulimi nje. Huo ulimi sijui kausomea wapi lakini ukitoka tu ujue hapo kazi inafanyika.

Kitu kimoja kilinitia wasiwasi kabla ya kununua, binti yangu ni wa mashoto na hizi stiki zote upande bapa uko kushoto, upande wa pili umevimba na kwa sheria haupigiwi mpira, na stiki ya mashoto hairuhusiwi kwenye mechi. Nikasema hapa tumeumia. Kumbe wala! Kwenye hoki mkono wa kushoto ndo unakaa juu ya mpini na ndo unaogeuza stiki, wa kulia unashika chini kwa ulegevu ili mpini uzunguke ndani yake. Watoto wengine wanahangaika hapo hapo, wanataka mkono wa kulia ufanye kila kitu, yeye wa kushoto tayari una nguvu.

Sasa siku alivyopata kule kugeuza aisee. Alikuwa ameusukuma mpira kulia, huwa ukienda huko anaukimbilia na kuuzunguka mwili mzima ndo aurudishe, ila safari hii akaviringisha tu kiganja, stiki ikapinduka ncha ikaangalia chini, akauvuta mpira kwa ule upande bapa ukarudi kushoto kwake. Akasimama. Akauangalia mpira, akaniangalia mimi, alafu akarudia, akarudia tena, kocha anaita watoto wote waje kati yeye hasikii yuko na mpira wake kulia kushoto kulia kushoto, na mimi niko pembeni nimeshika chupa ya maji nacheka peke yangu watu wananiangalia.

Mpira mwepesi uliomo kwenye seti unafaa kuanzia, wa mechi za kweli una gramu 156 mpaka 163 na ni mgumu, ukimpata mtoto kwenye enka atachukia mchezo siku hiyo hiyo. Ila kwenye nyasi ndefu huu mwepesi unarukaruka sana, tafuteni sehemu bapa nyasi fupi. Kwenye saruji mpira unaenda vizuri lakini saruji inakwangua kichwa cha stiki balaa, mi nimezungushia tepu pale chini na nikiona imechakaa nabadilisha.

Alafu sheria ya mguu. Mpira ukigusa mguu wako mara nyingi ni faulo, hilo kalishika kuliko kitu chochote alichofundishwa, sa hivi hata wenzake wakicheza mpira wa miguu wa kawaida anasimama pembeni anapiga kelele "mguu! mguu!" mpaka wanamfukuza. Ila ile sheria ya goli bado haijamwingia, kwamba lazima upige ukiwa ndani ya ile nusu duara mbele ya goli. Juzi kapiga kutoka mbali huko, mpira ukajiviringishia taratibu mpaka wavuni hakuna mtoto hata mmoja aliyeukumbuka, refa anapunga mkono hapana, yeye anakimbia stiki iko chini mikono juu anashangilia. Mi najua kabisa sio goli na nilishangilia vilevile, tena kwa sauti.

Mabaya sasa. Vikinga ugoko ni vya hovyo, velkro ilikufa mapema, vinashuka mpaka kwenye kisigino mtoto anasimama katikati ya mchezo kuvipandisha, mwishowe tunavifunika na soksi ndefu ndo vinatulia kidogo. Gripu ya mpini ikilowa jasho inateleza, nimeivua nimeviringisha nyingine laini na mambo yamekaa sawa. Begi zipu imeachia, na halina hata mfuko wa chupa ya maji.

Maksi zangu, stiki tano kati ya tano, mpira nne, vikinga mbili, na begi moja kwa sababu rangi yake ameipenda. Nikinunua tena nitachukua stiki peke yake ya aina hii hii na vikinga nitafute pengine, na nadhani nitanunua karibuni maana nikiipima pale nyongani naona imeanza kuwa fupi, itabidi inchi 30. Nimemwambia hii ya zamani tumpe mdogo wake, kakataa katakata, usiku anailaza kitandani upande wa ukutani.