Fundi wa ngao Majengo, alivyotutengenezea ngao ya mzee wetu wa moto

Kama uko Dodoma na unatafuta ngao ya kumpa mtu unayemheshimu kweli, huyu fundi wa Majengo mimi namkubali, japo alituchelewesha siku mbili.

Mzee mwenyewe ni jirani yetu hapa Chang'ombe. Tangu niko mdogo yeye ndo zimamoto ya mtaa, hana gwanda hana mshahara, ana filimbi, koleo na ndoo zake za mchanga kazipanga ukutani, kukiwa na moto hata saa nane usiku unamkuta kashafika na kashamtuma kijana apige 114. Mwezi wa saba na wa nane huku si unajua upepo wake, majani makavu, mtu anachoma taka anaingia ndani, moto unarukia uzio, basi hiyo miezi mzee halali kabisa. Mwaka jana karai langu la maandazi lilishika moto, nishabeba ndoo ya maji, akaniwahi mlangoni, "Mwanangu usimwage!", akafunga gesi, akalowesha blanketi akalikamua akafunika karai, akakataza mtu asifunue mpaka lipoe. Baadaye ndo akanielewesha, maji yanazama chini ya mafuta ya moto, yanageuka mvuke ghafla na kurusha mafuta yanayowaka mpaka darini. Kwa uso wangu huu, Mungu na yule mzee wananidai shukrani.

Sasa magoti yake yamegoma, tukachanga mtaa mzima tumpe ngao.

Fundi alitoa sampo za "Mfanyakazi Bora" tukazikataa, hakununa, akavuta kiti akauliza huyo mzee alikuwa anafanya nini hasa, akachora filimbi na ndoo kwenye karatasi tuone kwanza. Mbao ni mninga, kibati cha rangi ya dhahabu, maandishi yamechongwa yakazama, sio stika. Tulilipa 85,000. Jina alikosea herufi moja, akarudia upya bila kuongeza hata mia, ndo zile siku mbili.

Siku ya kumkabidhi mzee aliisoma kimya muda mrefu, tukajua analia, kumbe anapapasa pale chini palipobaki wazi, akasema hapa si mngeweka namba ya Zimamoto. Tukairudisha, fundi akachonga 114 tukisubiri, hela akakataa. Mzee kaitundika nje, juu ya zile ndoo.