Global Teacher Prize: pesa nono, ila soma masharti kwanza
Kenya inaijua tuzo hii ya mwalimu bora duniani, inayotolewa na shirika la elimu la Varkey Foundation. Mwaka 2019 Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya kutwa ya Keriko, Nakuru, aliinyakua kule Dubai: dola milioni 1. Lakini hazitoki kwa mkupuo. Utaratibu umekuwa mafungu ya miaka 10, na mshindi anatakiwa aendelee kufundisha walau miaka 5. Mwombaji awe darasani ana kwa ana walau saa 10 kwa wiki, kwa hiyo mwalimu mkuu aliyekwisha kuweka chaki chini hapiti. Fomu nazo huharibiwa na sifa tupu. "Nimejitolea sana" haimwambii jaji kitu; andika wanafunzi waliofaulu walikuwa wangapi kabla yako, na sasa ni wangapi. Kasoro ya tuzo yenyewe: mshindi mmoja tu, dunia nzima!