Siku hizi naangalia msomaji kwanza, mwandishi baadae

Niseme tu ukweli, zamani watu wa vitabu vya sauti nilikuwa nawaona wavivu flani hivi, mtu mzima anasomewa kama mtoto anabembelezwa alale. Saa hii sioshi sahani bila hedifoni, na nikitafuta kitabu kipya cha kwanza naangalia nani kakisoma kwa sauti.

Aliyenigeuza ni Ray Porter kwenye Project Hail Mary ya Andy Weir. Masaa 16 na kitu, mwalimu wa sayansi anazinduka ndani ya chombo cha anga hajui hata jina lake. Sitaki kuwamalizia utamu ila kuna kiumbe mle anaongea kwa milio ya muziki, sasa kwenye karatasi unaona vialama vya noti unavipita tu, lakini kwenye sauti wameweka milio yenyewe, na baada ya muda unaanza kuhisi leo kafurahi, leo ana hofu, kabla hata hajatafsiriwa. Kwa macho hicho kitu hukipati kabisa. Kilichukua tuzo ya Audie ya kitabu cha sauti cha mwaka 2022 na wala sikushangaa. Porter huyohuyo ndo kasoma na mfululizo wa vitabu vya Bob wa Dennis E. Taylor, ile ya jamaa anayegeuzwa programu ya kompyuta alafu anajinakili anajinakili mpaka wanakuwa Bob kibao. Nilichanganya akina Bob mara kadhaa ila kosa langu, nilikuwa nasugua masufuria.

Upande wa fantasia kwangu ni Steven Pacey, basi. Anza na The Blade Itself ya Joe Abercrombie, kuna mtesaji anaitwa Glokta, yeye mwenyewe aliwahi kuteswa mpaka meno mengi hana. Pacey kampa kithembe akiongea, lakini akiwa anawaza kichwani kithembe kinapotea, sauti safi kabisa ya kejeli, kwahiyo unajua hapohapo hiki kasema na hiki kameza, bila kuambiwa. Nilirudia vipande vyake makusudi. Ila matusi na damu vipo vya kutosha, usiweke kwenye spika watoto wakiwepo.

Robin Miles naye, The Fifth Season ya N.K. Jemisin. Sehemu moja ya hadithi imeandikwa kwa "wewe", yaani wewe unatembea, wewe umefiwa, na ukisomewa na yule mama inakukaa vibaya kifuani. Mwanzo ni mgumu, majina mengi, nilianza upya mara mbili.

Michael Kramer na Kate Reading ni mtu na mkewe, wanapokezana sura kwenye The Way of Kings ya Brandon Sanderson, masaa kama 45. Hiki ni cha mwenye subira, mi nilikipeleka kwa spidi ya mara 1.25 ya kawaida na bado kilinila wiki kadhaa. Ukitaka kucheka tu nenda kwa Jeff Hays, Dungeon Crawler Carl ya Matt Dinniman, kuna paka mwenye maringo mle, peke yake anatosha.

Zile za upelelezi bado sijapata mtu wangu. Kuna moja nilinunua, sitaitaja, msomaji kila mwanamke anamfanyia sauti ya kubana pua, hata jaji, hata bibi wa miaka 80, nikaishia sura ya nne muuaji nikamwachia mwenyewe. Na sampo, kile kipande cha kuonja kabla hujanunua, nilikuwa nimesikiliza! Tatizo sampo mara nyingi ni kipande cha mwanzo, mtu anaelezea mvua na barabara tu, hakuna anayeongea na mwenzake, na msomaji mbovu utamjulia kwenye mazungumzo. Sasa hivi nikiona sampo haina watu wawili wanajibizana sinunui, natafuta kwanza kitu kingine alichosoma yuleyule nisikie.