Saluni ya "kwa mlokole", Tabata: msusi asiyesuka nywele zake

Ukishuka Tabata Kimanga usihangaike kutafuta bango. Lipo, ila jua limeshalila, maandishi hayasomeki. Mwambie bodaboda "kwa mlokole" atakufikisha. Ni fremu moja, drayer moja, viti vya plastiki, na redio ya injili isiyozimwa hata umeme ukikatika, maana ina betri zake. Feni inazungusha joto lilelile. Kwa muonekano naipa nyota mbili, na hapo nimeihurumia.

Mwenyewe ni dada wa makamo, kilemba kichwani muda wote, sketi ndefu, hereni hana. Kanisani kwao mwanamke hasuki wala havai nywele za bandia, na yeye hilo kalishika. Halafu riziki yake ni kusuka rasta! Mtaani anasemwa kotekote: wapendwa wenzake wanaona anawapamba watu wa dunia, wateja wengine wanaona anajifanya mtakatifu huku anakula hela ya rasta. Mimi ni Mlutheri, kwetu mwenye rasta na mwenye kipilipili wanakaa benchi moja na hakuna anayegeuka. Nilikwenda kwa sababu moja tu, nywele zangu za mbele zilikuwa zinakimbia.

Kabla ya kushika kitana anakukagua. Anapitisha kidole gumba kwenye paji la uso, pembeni, nyuma ya masikio. Akikuta vile vipele vyeupe kwenye mashina ya nywele, au ngozi ya pembeni imeanza kung'aa, leo husukwi. Nilimshuhudia akimkatalia binti mmoja aliyekuwa na harusi ya dada yake Jumamosi, rasta zake mkononi, hela mkononi. "Nikikusuka leo utapendeza Jumamosi, mwezi ujao utanitafuta na kipara," akamwambia. Akamuosha, akampaka mafuta, akambana kwa uzi bila kumvuta, akamtoza elfu tano. Kazi ya 40,000 ilitoka mlangoni imenuna.

Nikupe na jingine. Pakiti ya rasta ikibaki, hata nusu, anaifunga kwa raba na kukuwekea kwenye mkoba wako mwenyewe. Wanaosuka mara kwa mara wanajua nusu pakiti za watu huwa zinaishia wapi. Na akisikia umeweka dawa juzi anakurudisha nyumbani wiki mbili, kwa sababu nywele iliyotoka kwenye dawa haina nguvu ya kubeba rasta.

Umbea hakuna. Mtu akianzisha habari za mke wa mchungaji fulani, dada anaongeza sauti ya redio. Hapo namkata alama kidogo, maana masaa sita ya rasta ndogo bila umbea ni marefu mno.

Kilemba chake hakikunishawishi, niseme ukweli. Nimeshakalia viti vya wasusi wenye vilemba virefu kuliko hicho na mistari ya Biblia ukuta mzima, wakanivuta nikashindwa kulala ubavu. Na wale wanaomjia na mdomo kwamba Biblia imekataza kusuka, wasome taratibu. 1 Petro 3:3 inataja kusuka nywele, dhahabu na kuvalia mavazi kwa pumzi moja. Kama msuko umepigwa marufuku, basi na nguo tuvue. Paulo naye, kwenye 1 Timotheo 2:9, anauweka msuko pamoja na dhahabu, lulu na nguo za thamani. Huo ni ulimwengu wa Warumi, ambako wake wa matajiri walitengenezwa nywele na watumwa wao, misuko ikapandishwa juu ya kichwa kama ghorofa. Barua ya Petro ilikuwa inakwenda Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia, upande ambao leo ni Uturuki. Msuko wa twende kilioni wa elfu saba sidhani kama ndio uliomkosesha Petro usingizi.

Mstari unaofuata unataka "utu wa moyoni usioonekana". Sasa usioonekana nitaupaje nyota? Ninachoweza kuandika ni kile nilichokiona: ile nusu pakiti iliyofungwa raba, na yule binti aliyenuna.

Kasoro zipo. Anasuka taratibu kweli. Jumatano mchana anafunga kwa ajili ya maombi, na hakuna tangazo mlangoni, utakuta kufuli tu. Jumapili usijisumbue. Jumamosi asubuhi ikiwa Ijumaa kulikuwa na mkesha, anasinzia, na mistari ya kisogoni inapinda. Nenda Jumanne au Alhamisi.

Twende kilioni ni 7,000, rasta za kawaida 25,000, ndogo kabisa 40,000, zote ukija na rasta zako. Kuchoma ncha kwa maji ya moto kumo humohumo. Atakwambia ufumue kabla ya wiki nane, na ukipitisha atakusema mbele ya watu.

Wigi habandiki. Nilimuuliza, rasta unasuka, wigi hubandiki, tofauti yake nini na zote za dukani? Akacheka mpaka kitana kikamponyoka. Akasema hilo bado analiombea.