Ukingo wa Zege wa Bustani: Upi Ununue, Upi Uache

Ukingo ukianza kulalia upande wa nyasi, jiwe lenyewe mara nyingi halina kosa. Chimbua chini yake utakuta udongo mtupu. Kwa hiyo bei unayopewa iwe na mambo mawili: ukingo wenyewe, na zege la kuukalisha.

1. Vipande vilivyokwisha tengenezwa. Hivi ndivyo tunavyoviweka mbele kwa vitanda vya bustani vyenye mistari iliyonyooka. Kipande cha mita 1, unene sentimita 5 na kimo sentimita 20, kina uzito wa kilo 24 hivi. Kabla ya kulipa, gonganisha viwili: kilichokauka vizuri kinalia kwa mlio mkali, kibichi au chenye ufa kinatoa sauti ya bubu. Kisha kwaruza kona kwa msumari. Ikipukutika unga, kiache. Ongeza vipande 5 katika kila 100 kwa ajili ya kukata na kuvunjika.

Chimba mtaro wa kina cha sentimita 20, shindilia, mwaga zege la sentimita 10, kalisha vipande kwa kufuata kamba na pima maji. Halafu, na hapa ndipo mafundi wengi wanapokwepa, egemeza zege kwenye kipande upande wa nje, ule wa nyasi, lifike nusu ya kimo. Udongo wa kitanda ukilowa hunenepa na kusukuma. Bila egemeo hilo kipande hakina cha kukizuia.

2. Zege la kumwaga palepale. Kama vitanda vyako vina mikunjo, lipandishe hili liwe la kwanza. Kwa kalibu ya kumwagia zege, plaiwudi ya milimita 6 inapinda bila shida, ila ikazwe kwa vigingi kila sentimita 40, la sivyo inatoka tumbo. Ukingo wa mita 10, upana sentimita 12 na kimo sentimita 20, unakula kama robo ya mita ya ujazo. Kwa mchanganyiko wa 1:2:3 (saruji, mchanga, kokoto), mifuko 2 ya kilo 50 inatosha. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, na kama mchanga umelowa, punguza. Zege la uji ni rahisi kumwaga, lakini uso wake utachunika.

Kata mfereji mwembamba wa kina cha sentimita 5 kwenye uso wa zege, kukatiza ukingo, kila baada ya mita 1. Zege litapasuka tu likisinyaa. Afadhali lipasuke pale ulipochagua. Lifunike kwa magunia na uyaloweshe siku 7.

3. Ukingo wa mashine, yaani mashine inasukuma mchanganyiko ukitoka na umbo la ukingo palepale. Unapendeza, na kazi huenda haraka, lakini ni wa mchanga na saruji bila kokoto, na kwa kawaida hukaa juu ya ardhi tu. Unafaa pale penye urefu mkubwa, udongo mgumu na pasipo mizizi ya miti. Chukua konzi ya mchanganyiko uikamue: ishike umbo bila kudondosha maji. Ikisambaratika, simamisha kazi.

4. Vitofali vya kupanga bila msingi. Kwa kitanda cha msimu mmoja, sawa. Zaidi ya hapo usinunue.

Chaguo lolote kati ya matatu ya kwanza, acha tundu la bomba la milimita 25 sehemu ya chini kabisa ya kitanda, maji ya mvua yapate pa kutokea.