Altaneta moja, "ovahoo" mbili: uzoefu wangu

Taa ya betri iliwaka nikiwa Barabara ya Mandela, foleni ya Buguruni, jioni, mvua inanyesha, waipa zinajikokota. Kesho yake nikaipeleka Noah kwa fundi rewaya, yaani wa umeme wa magari, wa jirani. Akaigonga altaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikiunguruma, akasema, "Bosi, naifanyia ovahoo, elfu 70, unasahau."

Nilisahau wiki 3. Kisha ukaanza mluzi mwembamba uliopanda kila nikikanyaga mafuta, na taa ikarudi.

Safari hii nikaenda Gerezani kwa mzee mmoja, nikakaa juu ya tairi akiifungua mbele yangu. Brashi kweli zilikuwa mpya. Ila beringi ya nyuma ukiizungusha unasikia kama ina mchanga, na pete za shaba zinazosuguliwa na brashi zimeliwa mfereji hadi ukucha unazama. "Mwanangu, hii imefanyiwa sevisi, si ovahoo."

Sidhani kama yule kijana aliniibia. Kwake yeye, kufungua, kuosha kwa petroli na kubadili brashi ndiyo ovahoo. Kwa mzee, ni beringi zote 2, brashi, pete, diodi (zinazogeuza umeme uifae betri) zipimwe moja moja, na katauti, yaani kidhibiti chaji, iangaliwe. Koili ikiwa imeungua, jina linabadilika: hapo ni kusuka waya upya, na bei yake nyingine kabisa.

Aliyenikera hasa ni muuzaji wa Ilala, maana nilipita kwanza huko kuulizia nzima. "Rikondishen ya Japani, laki 2." Rikondishen, yaani iliyofufuliwa, gani? Mtumba uliopulizwa rangi ya fedha. Rangi imeingia hadi kwenye nyuzi za bolti, na ndani ya feni matope yamegandamana. Wajapani wenyewe hawachanganyi mambo haya. Chuko ni mtumba kama ulivyotoka garini. Ribiruto imefunguliwa, vilivyochakaa vimebadilishwa, imepimwa, na kwa kawaida ina garantii. Uingereza na Marekani, ya namna hiyo mara nyingi unaiachia amana mpaka urudishe bovu lako, maana ndilo linalokwenda kufufuliwa. Kwetu bovu linabaki kwa fundi, na sishangai likiibukia Ilala na koti la fedha.

Sasa fundi akinitajia jina la kazi namuuliza tu: unabadilisha kipi na kipi? Na vya zamani naomba nivishike mkononi.

Mzee alinitoza 130,000, beringi mbovu akanikabidhi kwenye kipande cha gazeti. Alipomaliza kufunga akaweka mita kwenye betri: injini imezimwa, volti 12.5, ikiunguruma, 14.2. Akawasha taa kubwa na AC, ikashuka 13.8 na kukaa hapo hapo. Miezi 5 sasa tangu hapo, mluzi sijausikia tena.

Nampa nyota 4. Ya tano nimeizuia: aliniahidi Jumanne, gari nikalichukua Ijumaa.